Nachingwea na Ruangwa: Watu Walipoacha Kuyafuata Maji

Historia tuliyokaririshwa shuleni ilikuwa na vita, mikataba, wamisionari na vyama vya siasa. Maji yalitajwa mara moja tu, kwenye Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na hata hayo yalikuwa maji ya dawa, si ya kunywa. Mimi ni mtoto wa Nachingwea, nimemaliza kidato cha nne huko huko, na ndoto yangu ni kuandika riwaya. Nilipoanza kuwauliza wazee habari za zamani ili nipate pa kuanzia, nilidhani nitasimuliwa vita. Kumbe kila mzee, aanzie atakapo, mwishowe anafika kisimani. Tulihamia pale kwa sababu ya maji. Tuliondoka pale kwa sababu ya maji. Basi nikaweka riwaya pembeni kidogo, nikaanza kuifuata habari hii.

Tuanze na ardhi yenyewe. Nachingwea na sehemu kubwa ya Ruangwa zimekaa juu ya miamba ya kale, migumu, isiyohifadhi maji mengi isipokuwa kwenye nyufa zake. Mvua ni ya msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei. Kwa mwaka wa kawaida hufika milimita 800 hadi 1,000, nayo si haba. Tatizo ni kwamba inakuja kwa fujo na kuondoka. Vijito vingi vinavyoingia mto Mbwemkuru hukauka kiangazi, maji yakabaki chini ya mchanga. Upande wa kusini kuna uwanda wa Makonde, nao una tabia nyingine. Kule juu udongo ni wa kichanga, mvua inazama yote, hata mito hakuna. Maji hayo hutembea polepole chini kwa chini, halafu hutokeza kwenye mguu wa uwanda kama chemchemi. Chemchemi za Mbwinji, wilayani Masasi, ni mojawapo. Likumbuke jina hilo, tutakutana nalo mbele.

Wazee wetu waliijua ardhi hii bila kwenda chuo. Wamwera waliishi katika vitongoji vidogo vilivyotawanyika, karibu na mabonde yenye maji. Shamba likichoka au chimbo likikauka, watu walihama. Bibi yangu alinieleza walivyokuwa wanachimba mchanga wa mtoni kwa mikono, wakasubiri maji yapande taratibu, kisha wakachota kwa kata. Palikuwa na miiko. Chimbo la kunywa halifuliwi nguo. Chungu chenye masizi hakitumbukizwi. Miti inayokitilia kivuli kisima haikatwi. Ofisi ya maji haikuwepo, lakini utaratibu ulikuwepo na kila mtu alimjua mwenye kuusimamia.

Sisemi kwamba maisha yalikuwa mazuri. Akina mama waliamka usiku wa manane, na maradhi ya tumbo yaliua watoto. Ninachosema ni hiki: siku hizo watu waliyafuata maji. Kuanzia miaka ya 1940 mambo yakageuka, watu wakawekwa mahali kwa sababu nyingine, halafu maji yakatakiwa yawafuate wao. Hapo ndipo shida yetu ya leo ilipozaliwa.

Wa kwanza kuigeuza walikuwa Waingereza. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ulitumwa ujumbe ulioongozwa na John Wakefield kutafuta ardhi ya kulima karanga Afrika Mashariki. Jamaa walizunguka wiki tisa, sehemu kubwa wakiitazama nchi kutoka kwenye ndege, wakarudi na hesabu ya ekari zaidi ya milioni tatu. Zaidi ya nusu ya mpango huo ilikuwa iwe katika Jimbo la Kusini, na kituo chake kikawa Nachingwea. Kazi ilianzia Kongwa kwa kuwa kule reli ilikuwa karibu. Huku kwetu ilibidi ijengwe reli mpya kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, ikafika Nachingwea mwaka 1949. Bandari ya Mtwara nayo ikachimbuliwa kwa ajili ya karanga hizo hizo, ikakamilika mwaka 1954.

Ilipokamilika, karanga zenyewe zilishakufa. Kule Kongwa mvua ziligoma, udongo ukakauka mpaka ukawa kama saruji. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuufuta mpango mzima, pauni milioni 36 hivi zikiwa zimekwenda na maji, kama si kukosa maji.

Hebu tujiulize swali ambalo mabwana wale hawakulitilia maanani: kwa nini ardhi kubwa namna ile ilikuwa haina watu? Wageni waliona nafasi. Mwenyeji angewaambia kwamba pale pana mbung'o, na kiangazi hapana tone la maji. Kila pori lililokuwa tupu lilikuwa na sababu yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Watu hawakung'olewa. Mji ulibaki pale pale palipochorwa na wahandisi wa karanga, mbali na mto wa kudumu. Tena ukaendelea kupokea wageni. Mwaka 1965 wapigania uhuru wa FRELIMO walifungua Nachingwea kambi yao kuu ya mafunzo, na mwezi Mei 1975 Samora Machel aliondokea hapo kuanza safari yake ya ushindi, kutoka mto Ruvuma mpaka Maputo. Tunajivunia jambo hilo, na ni haki yetu. Lakini mpiganaji anakunywa maji kabla hajashika bunduki, na maji ya mji na kambi yalitoka katika ardhi ile ile kavu.

Kisha ikaja zamu ya vijiji. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere aliagiza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji. Nyumba zikapangwa kwa mstari kando ya barabara, ili shule, zahanati na lori la mazao viwafikie watu. Nia ilikuwa njema, nami ni mmoja wa waliofaidi shule zile. Ila barabara hupita pakavu, juu, na maji hukaa bondeni. Chimbo lililowatosha watu wa kaya kumi sasa likatakiwa liwatoshe mia mbili.

Serikali haikulala. Mwaka 1971 ilikuwa imeweka mpango wa miaka ishirini: ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi yasiyozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Kwa mikoa ya Mtwara na Lindi, Ufini ilikubali kusaidia. Wataalamu wake walianza kuchunguza maji ya ardhini mwaka 1972, mpango mkuu ukawa tayari mwaka 1977, na mwaka uliofuata ujenzi ukaanza. Visima vifupi vyenye pampu za mkono aina ya NIRA vikasambaa vijijini. Nani hakufurahi? Mtoto wa kike aliyekuwa akikosa vipindi vya asubuhi sasa aliwahi namba.

Maji hayo yalikuwa bure, na hapo pana fundisho. Kitu cha bure kilikuwa na mwenyewe mmoja tu, naye ni serikali. Halmashauri za wilaya zilikuwa zimevunjwa mwaka 1972, na hazikurudi mpaka katikati ya miaka ya 1980. Pampu ikikatika mpira, kijiji kilisubiri wilaya, wilaya ikasubiri mkoa, mkoa ukasubiri vipuri kutoka ng'ambo. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 nchi ikaishiwa fedha za kigeni, dizeli ikawa dhahabu, na mitambo ya kusukuma maji ikazimika. Mwaka 1991 ulipofika, lengo la mita 400 lilikuwa bado mbali kwa vijiji vingi mno. Maji chini ya ardhi yalikuwepo. Mtu wa kubadilisha mpira wa pampu ndiye aliyekosekana.

Sera ya Maji ya 1991 ikaanza kuzungumzia wananchi kuchangia. Sera ya 2002 ikasema waziwazi kwamba kijiji kimiliki mradi wake, kiunde chombo cha watumia maji, na kilipie uendeshaji. Ikaweka na kipimo: lita 25 kwa mtu kwa siku, na kituo kimoja kisizidi watu 250. Wako waliolalamika kuwa serikali imewatupa. Mimi nawaelewa, maana kuna jambo ambalo makaratasi hayalioni. Mkulima wa kwetu hapati mshahara wa mwisho wa mwezi. Fedha inaingia ufuta unapouzwa katikati ya mwaka, na korosho kuanzia Oktoba. Mwezi Machi ukimdai ankara, utamkuta mfukoni hana kitu, kwa hiyo mchango uliopangwa kwa kufuata kalenda ya ofisini unakufa. Kijiji kinachokusanya fedha ya maji msimu wa kuuza mazao kina nafasi nzuri zaidi ya kuwa na akiba pampu itakapogoma.

Sasa tuitazame Ruangwa, maana ndiko kunakokimbia zaidi. Ilipofanywa kuwa wilaya mwaka 1995, makao yake makuu yalikuwa mji mdogo. Leo kuna hospitali, benki, nyumba za wageni na uwanja wa mpira ambao Namungo FC, waliopanda Ligi Kuu mwaka 2019, wameufanya ujulikane nchi nzima. Kuna wachimbaji wa dhahabu na kuna madini ya kinywe. Kila ofisi inayofunguliwa inaleta watu, na kila mtu anakuja na ndoo yake. Ni hadithi ile ile ya karanga: kwanza shughuli, halafu maji.

Jibu la miaka hii limekuwa kuyatoa maji mbali. Bomba kutoka Mbwinji lilifikisha maji Masasi na kuendelea mpaka Nachingwea, na miji hiyo miwili ikawa na mamlaka moja ya maji, MANAWASA. Ukatafutwa pia mradi wa kuyatoa maji Nyangao kwa ajili ya vijiji vya Ruangwa na Nachingwea. Sheria ya 2019 nayo ikaunda RUWASA, wakala wa serikali wa kusimamia maji vijijini, ili kijiji kisiachwe peke yake na pampu yake. Naiona hii kuwa hatua kubwa, na anayebeza hajawahi kulala kisimani.

Hata hivyo, msomaji, bomba refu lina ndugu wengi. Mtu wa Nachingwea akifungua koki anategemea mvua iliyozama kwenye uwanda wa Makonde, na msitu wa mguuni pake, mahali ambapo huenda hajafika maishani. Msitu huo ukifyekwa kwa mkaa au shamba, chemchemi inapungua, na kiu itasikika mbali. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita 60 hizo kwa bibi yangu zilikuwa miti ya kivuli cha kisima. Tofauti ni kwamba aliyekata mti ule alijulikana kwa jina na alionwa na wote wanaokunywa. Leo mkataji yuko wilaya moja, mnywaji yuko wilaya nyingine, na hawajawahi kukaa baraza moja.

Kuna na maji ambayo tunayaacha yapite. Bati la mita za mraba 50, kwa mvua ya milimita 800, linapokea lita 40,000 kwa mwaka. Toa moja ya tano inayopotea, zinabaki 32,000. Si rahisi kuzihifadhi zote. Lakini tangi la lita 5,000 likijaa mwisho wa masika, familia inayotumia lita 30 kwa siku kwa kunywa na kupika tu itafika Oktoba. Shule zetu zina mabati marefu kuliko nyumba zetu. Ajabu ni kwamba katika shule nyingine wanafunzi bado wanatumwa na madumu.

Mwisho, neno kwa wenzangu tunaotaka kuandika. Tunapenda kuandika mapenzi ya Kariakoo hata sisi ambao nauli ya kufika Kariakoo tunaikopa. Wakati huo huo wazee waliochimba mchanga wa Mbwemkuru, mafundi waliofunga pampu za Wafini, na akina mama waliowapikia wapigania uhuru wanaondoka mmoja mmoja. Chukua daftari uende kwao. Uliza kisima cha kijiji chenu kilichimbwa mwaka gani, nani alikifungua, lini kilikufa, na nani alijaribu kukifufua. Andika majibu na tarehe. Halafu lipeleke daftari hilo kwenye mkutano wa kijiji siku mradi mpya utakapojadiliwa, ulisome kwa sauti kabla watu hawajapiga makofi.