Uvimbe Ulioshinda Steroidi

Mwaka 1888, daktari William Osler, aliyekuwa akifundisha Philadelphia, Marekani, aliandika habari za ukoo mmoja uliosumbuliwa na uvimbe kwa vizazi vitano. Ugonjwa huu humvimbisha mtu ghafla midomo, uso au mikono, bila vipele wala mwasho, kisha uvimbe hunywea wenyewe baada ya siku chache. Ukishika koo, huweza kuua.

Mnamo Septemba 1948, kwenye kliniki ya Mayo, Minnesota, Philip Hench na wenzake walimdunga kotizoni, dawa ya jamii ya steroidi, mwanamke aliyelemazwa na baridi yabisi. Siku chache baadaye alikuwa akitembea. Tuzo ya Nobel ikafuata mwaka 1950, na steroidi zikawa kimbilio la madaktari kwa uvimbe wa kila namna. Kwa uvimbe huu wa kurithi, hazikufua dafu.

Sababu ilianza kujulikana mwaka 1963. Virginia Donaldson na Richard Evans walichunguza damu ya wagonjwa wakakuta imepungukiwa na protini iitwayo kizuizi cha C1. Protini hiyo huvidhibiti vimeng'enya vinavyokata protini nyingine katika plazma. Kimojawapo ni kalikrini, ambacho hutoa kipande kidogo kiitwacho bradikinini. Kipande hicho huzilegeza kuta za mishipa midogo, maji yakavujia kwenye nyama. Kizuizi kikipungua, kalikrini hukata ovyo. Steroidi hutuliza kinga ya mwili iliyochachamaa, lakini hazizibi pengo la kizuizi, na bradikinini huendelea kumiminika.

Msaada ulitoka kwa steroidi za jamii nyingine. Mwaka 1976, watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya danazoli, dawa yenye asili ya homoni za kiume: uvimbe ulipungua sana, na kizuizi cha C1 kikaongezeka katika damu. Hata hivyo, dawa hiyo huweza kumwotesha mwanamke ndevu na kumkwaruza sauti. Mwaka 2008 Marekani iliidhinisha kizuizi chenyewe, kilichochujwa kutoka plazma ya wachangiaji, kiwafikie wagonjwa moja kwa moja kwa sindano.

Inakadiriwa kwamba mtu 1 kati ya 50,000 ana maradhi haya. Anayevimba mara kwa mara bila mwasho, asipate nafuu kwa dawa za mzio wala steroidi, aulizwe habari za wazazi na ndugu zake, kisha damu yake ipimwe kizuizi cha C1. Kumrudishia steroidi zilezile kila anapovimba ni kumpotezea muda, na koo likianza kuziba, muda huo hana.