Usifagie shamba la kokoa

Wadau, nikiwa sekondari nilienda likizo Itungi kwa mjomba. Siku moja nikafagia shamba lake lote la kokoa, majani nikayachoma. Nilitegemea pongezi. Akaniangalia: "Mjomba, umenichomea mbolea!"

Kupenda shamba safi si jambo geni kule. Mwaka 1879 Mskoti Joseph Thomson alipofika kaskazini mwa Ziwa Nyasa, aliisifu migomba ya Wanyakyusa kwa kuwa chini yake hapakuwa na magugu wala takataka. Miaka hiyohiyo, katika Ghana ya leo, Tetteh Quarshie alirudi na mbegu za kokoa kutoka Fernando Po. Kokoa ilipokuja kuingia Kyela, ikapandwa humohumo kwenye migomba.

Sasa, mgomba huzaa ndizi bila kuhitaji mdudu yeyote. Fagia utakavyo. Kokoa haiko hivyo. Ua lake ni dogo mno, nyuki wa kawaida hawalisaidii. Chavua hubebwa na usubi, vidudu vya milimita 1 hadi 3, na hao huzaliana kwenye majani yanayooza na vigogo vya migomba vyenye unyevu. Kumbe nilichoma zaidi ya mbolea.

Mabwana shamba nao wana hoja: matunda yaliyooza kwa ukungu lazima yatolewe, yasiambukize mengine. Sawa, yatoke hayo. Majani yamekosa nini?

Likizo iliyofuata mjomba alinipa panga nikatekate vigogo vya migomba, nivitandaze chini ya kokoa. Ufagio alishauficha.