Miaka Thelathini ya Kugombea Ukurasa wa Kwanza

Mwezi Novemba 1997, wanafunzi wawili wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Stanford, California, walizichukua injini nne kubwa za kutafutia habari kwenye intaneti na kuiuliza kila moja swali jepesi kuliko yote: jina lake yenyewe. Ni moja tu kati ya nne iliyojipata ndani ya majibu kumi ya mwanzo. Zile tatu zilileta kurasa za watu wengine. Wanafunzi hao, Larry Page na Sergey Brin, waliiweka habari hiyo katika andiko la kitaaluma walilolitoa 1998. Andiko lenyewe lilieleza injini waliyokuwa wakiijenga wao, Google, ambayo wakati huo ilikuwa imekusanya kurasa milioni 24.

Leo mwenye duka la vipuri Kariakoo, mwenye hoteli Nungwi na mwenye kampuni ya utalii Arusha wanaumizwa kichwa na jambo moja: mteja akiandika anachokitaka, nani atatokea juu? Kazi ya kuipandisha tovuti kwenye majibu hayo, ambayo mafundi wa Nairobi na Dar es Salaam huiita SEO, imekuwa biashara kamili. Kinachosikitisha ni kwamba sehemu ya mbinu zinazouzwa humo zilikwisha kufa miaka ishirini iliyopita. Mwenye tovuti anayejua zilivyozaliwa na zilivyozikwa hatoi fedha zake ovyo.

Mwanzoni hapakuwa na cha kugombea. Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti katika kituo cha utafiti cha CERN, Geneva, alikuwa akiweka orodha ya seva zote za wavuti kwa mkono, na mwaka 1992 orodha hiyo bado ilisomeka kwa kikao kimoja. Hata kabla ya wavuti, mwaka 1990, kijana wa Barbados aliyekuwa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, Alan Emtage, alitengeneza Archie, programu iliyotafuta majina ya mafaili yaliyohifadhiwa kwenye kompyuta za mbali. Wanahistoria wengi wa teknolojia humtaja kuwa baba wa injini za utafutaji. Hakuiwekea Archie hataza, na hakutajirika nayo.

Kisha idadi ikapaa. Matthew Gray wa chuo cha MIT aliandika programu ya kutembea kwenye wavuti na kuhesabu tovuti. Juni 1993 alipata 130. Desemba 1994 zilikuwa zimepita 10,000. Hapo orodha ya mkono ilikwisha kazi, zikaja roboti, yaani programu zinazofuata viungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine na kunakili zinachokikuta. Aprili 1994 Brian Pinkerton wa Chuo Kikuu cha Washington alizindua WebCrawler, iliyoweka kwenye faharasa yake maneno yote ya ukurasa, wala si kichwa chake peke yake.

Roboti hizo zilikuwa na fujo. Zilizivamia seva dhaifu za wakati ule kwa maombi mfululizo mpaka zikazidiwa. Martijn Koster, Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, alichoka, na mwaka 1994 akapendekeza utaratibu ambao haujaachwa hadi leo. Ni faili dogo la maandishi matupu, robots.txt, linalowekwa kwenye mzizi wa tovuti. Roboti yenye adabu hulisoma kabla ya kugusa chochote. Ndani yake mwenye tovuti anaandika neno Disallow, nukta mbili, kisha sehemu asiyotaka iguswe. Akiandika jina la folda, folda hiyo inaachwa. Akiweka alama ya mkwaju peke yake, tovuti nzima imefungwa.

Nalitaja jambo hili kwa kirefu kwa sababu alama hiyo moja imezamisha biashara nyingi. Fundi anapojenga tovuti mpya huifunga ili kazi isiyokamilika isionekane. Siku ya uzinduzi kunakatwa keki, picha zinapigwa, na mstari ule unasahaulika. Miezi inapita, mwenye mali anaambiwa kwamba ushindani ni mkali, kumbe roboti hazijawahi kuruhusiwa kuingia. Kuangalia kunachukua nusu dakika: andika anwani ya tovuti yako kwenye kivinjari, malizia na mkwaju na robots.txt, kisha usome kilichoandikwa.

Wakati Koster akizituliza roboti, vijana wengine wawili wa Stanford, Jerry Yang na David Filo, walipita njia ya watu. Yahoo yao ya 1994 ilikuwa katalogi: wahariri walisoma tovuti na kuzipanga kwa mada, na ndani ya kila mada majina yalifuatana kwa alfabeti. Haukupita muda wafanyabiashara wakaanza kuzipa kampuni zao majina yenye A tatu mbele ili zitangulie. Huo ndio uliokuwa ujanja wa kwanza wa SEO, hata kabla kazi yenyewe haijapata jina. Yahoo baadaye ilitoza ada kwa biashara iliyotaka kupitiwa na wahariri, lakini watu hawakuweza kushindana na mashine, na katalogi hiyo ilifungwa mwishoni mwa 2014.

Mashine iliyowashinda kwanza ilikuwa AltaVista, iliyofunguliwa na kampuni ya Digital Equipment Corporation tarehe 15 Desemba 1995. Ilikuwa na kasi ambayo watu hawakuwa wameizoea. Tatizo lake, na la wenzake wa zama zile, lilikuwa kumsadiki mwenye tovuti. Ukurasa uliolitaja neno mara nyingi ulihesabiwa kuwa unalihusu. Zaidi ya hayo, mwenye tovuti aliruhusiwa kuorodhesha maneno muhimu ndani ya msimbo ambao msomaji haoni, na injini ikayapokea.

Mwamba ngoma huvutia kwake. Neno moja lilirudiwa mara mia. Majina ya watu maarufu yalipachikwa kwenye kurasa zisizowahusu. Aya nzima ziliandikwa kwa rangi nyeupe juu ya usuli mweupe, roboti ikazisoma na msomaji asizione. Aliyetafuta dawa aliletewa kamari. Ndiyo sababu injini tatu kati ya zile nne za 1997 zilishindwa hata kujipata zenyewe. Mwezi Septemba 2009 Google ilitangaza wazi kwamba haiitumii kabisa ile orodha ya maneno muhimu iliyofichwa katika kupanga majibu yake. Fundi anayekutoza fedha leo kwa ajili ya kuijaza anakuuzia maiti.

Jibu la Page na Brin lilitoka maktaba. Tangu miaka ya 1960 Eugene Garfield wa Philadelphia alikuwa akichapisha faharasa inayoonyesha makala gani ya kisayansi imetajwa na makala zipi. Andiko linalotajwa na wengi lina uzito, na likitajwa na lenye uzito, uzito unazidi. Vijana hao walilihamishia wazo hilo kwenye viungo vya wavuti na kuliita PageRank. Haki inataka tumtaje pia Robin Li, Mchina aliyekuwa akifanya kazi Marekani, ambaye mwaka 1996 alikuwa na mfumo wake wa kupanga kurasa kwa viungo, RankDex. Yeye ndiye aliyekuja kuanzisha Baidu.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo historia yote ilipogeuka. Shahidi alibadilika. Sifa za ukurasa hazikuchukuliwa tena kinywani mwa mwenyewe, ila kwa majirani.

Ila majirani nao hununulika. Mwishoni mwa 2000 Google ilitoa programu ya kupachika kwenye kivinjari iliyoonyesha alama ya PageRank ya kila ukurasa, kuanzia sifuri hadi kumi. Alama ilipoonekana, ikapata bei. Kampuni ya SearchKing ya Oklahoma ilianza kuuza viungo kwa kadiri ya alama hiyo, Google ikazishusha alama zake mwaka 2002, na kampuni ikaenda mahakamani. Mei 2003 jaji wa shirikisho aliitupa kesi: upangaji wa Google ni maoni, na maoni yanalindwa na katiba ya Marekani. Tangu hapo, nchini Marekani, mwenye tovuti anayedai kwamba nafasi ya juu ni haki yake hana pa kusimamia.

Novemba mwaka huohuo yalikuja mabadiliko ya kanuni ambayo mafundi waliyaita Florida. Maduka mengi ya mtandaoni yaliyokuwa yakiishi kwa kurudia maneno na kubadilishana viungo yaliamka hayaonekani popote, wiki chache kabla ya msimu wa Krismasi. Baadhi ya walioumia walikuwa na biashara halali.

Wakubwa nao hawakusalimika. Februari 2006 Google iliiondoa kwenye majibu yake tovuti ya BMW ya Ujerumani. Tovuti hiyo ilikuwa imewawekea roboti kurasa zilizojaa neno la Kijerumani la magari yaliyotumika, na mtu halisi akifungua anapelekwa kwingine. Ilirudishwa baada ya siku chache, kurasa hizo zikiwa zimetolewa.

Februari 2011 ikafuata J. C. Penney, mnyororo wa maduka wa Marekani. Gazeti la New York Times liligundua kwamba kwa miezi kadhaa, ukitafuta magauni, matandiko au mazulia, duka hilo ndilo lililotokea la kwanza au karibu na hapo. Hata ukitafuta masanduku ya safari ya Samsonite, duka lilimtangulia Samsonite mwenyewe. Mtaalamu aliyeajiriwa kuchunguza alikuta zaidi ya kurasa 2,000 zenye viungo vya kwenda huko, nyingi zikiwa kwenye tovuti zisizohusiana kabisa na nguo wala mazulia. Duka lilisema halikujua, likaifukuza kampuni iliyokuwa ikilifanyia kazi ya SEO. Google ilipochukua hatua, kwa utafutaji wa masanduku yale duka lilikuwa la kwanza saa moja jioni, na saa tatu usiku lilikuwa la 71.

Mwezi huohuo ilianza ya kwanza kati ya kampeni mbili zilizoyabadilisha mazoea ya kazi hii. Panda, mabadiliko yaliyopewa jina la mhandisi Navneet Panda, yalizilenga tovuti zilizozalisha makala nyepesi kwa maelfu, na Google ilisema yamegusa asilimia 11.8 ya utafutaji Marekani. Aprili 2012 ikaja Penguin dhidi ya viungo vya kununua. Wenye tovuti waliokuwa wamelipia viungo wakaanza kulipa tena ili viondolewe, mpaka Oktoba mwaka huo Google ikawapa chombo cha kuvikana.

Lipo jambo linalochanganya wengi. Nafasi ya tangazo, ile yenye alama ya kulipiwa, inanunuliwa kwa mnada, utaratibu ulioanzishwa na GoTo ya Bill Gross mwaka 1998 na kufuatwa na Google kuanzia 2002. Nafasi katika majibu ya kawaida haiuzwi. Anayekuambia kwamba ana mtu wake ndani atakayekuweka wa kwanza kwa malipo ni tapeli.

Afrika Mashariki iliingia katika habari hii kwa kishindo mwaka 2009, nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipofika pwani yetu. Google ilikuwa imefungua ofisi Nairobi miaka miwili nyuma. Mwishoni mwa 2009 iliandaa shindano la wanafunzi wa vyuo vikuu kuandika makala za Wikipedia kwa Kiswahili, kwa sababu iliyo dhahiri kwa yeyote aliyetafuta kwa Kiswahili miaka ile: hata injini iwe hodari vipi, haiwezi kumletea mtu ukurasa ambao haujaandikwa.

Mabadiliko yaliyotugusa zaidi yalikuja tarehe 21 Aprili 2015, Google ilipoanza kuzipa nafasi bora, kwenye utafutaji wa simu, kurasa zinazosomeka vizuri kwenye simu. Kwetu wasomaji wengi wako kwenye simu ya bei nafuu na bando la kuhesabu. Picha ya mbele yenye megabaiti tano, iliyopigwa kwa kamera ya maana na kupandishwa bila kupunguzwa, inamlia mteja bando lake kabla hajaona bei ya chumba. Wengi hufunga na kurudi nyuma.

Tangu Mei 2024 Google imeanza kuweka juu ya viungo majibu yanayotungwa na akili mnemba, na wenye tovuti wana haki ya kuhofu kwamba msomaji ataridhika pale pale asifike kwao. Katika tetemeko hili jipya bado naona Waswahili tuna uwanja mpana. Anayeandika kwa Kiingereza kuhusu kupanda Kilimanjaro anashindana na dunia nzima. Anayeeleza kwa Kiswahili sanifu namna ya kusajili pikipiki, kuwakinga kuku na mdondo au kukata leseni ya biashara Mwanza ana washindani wachache, na maswali hayo yanaulizwa.

Basi ikiwa una tovuti ya Kiswahili, ifungue leo. Tazama kichwa kinachoonekana juu kabisa kwenye kivinjari: kama kimeandikwa Home, kibadilishe kiseme unachouza na mahali ulipo. Mwambie fundi aitangaze lugha ya ukurasa kwenye msimbo kuwa sw, kwa sababu violezo vingi huja vikiwa vimeandikwa en na hakuna anayebadilisha. Punguza uzito wa picha. Bei na anwani viandike kwa maneno, usiviache ndani ya bango la picha. Kisha jibu, kwa aya zilizokamilika, yale maswali ambayo wateja wanakuuliza kwa simu kila siku.