Mtu mzima anayejitikisa kanisani: tuelewe usonji

Karibu kila kanisa lina ndugu anayekaa nyuma akijitikisa mbele na nyuma wakati wa mahubiri, au anayechezesha vidole bila kuacha. Akiwa mtoto, watu wanasema atakua na kuacha. Akifika miaka 30 wanasema ana pepo. Mimi mwenyewe, hapa Uvira, niliwahi kuita wazee tumwekee mikono kijana wa namna hiyo, bila kumuuliza hata swali moja.

Inawezekana ni usonji, ambao madaktari wetu waliosoma kwa Kifaransa huuita otisimu. Si laana wala ugonjwa wa kuambukiza. Ni namna ubongo ulivyokua tangu utotoni, na mtoto mwenye usonji atakuwa mtu mzima mwenye usonji. Daktari Leo Kanner aliueleza mwaka 1943 huko Marekani. Mtoto wa kwanza katika maandishi yake, Donald Triplett, alikuwa akitikisa kichwa huku na huku na kunong'ona sauti zilezile tatu za wimbo. Huyo Donald alimaliza chuo, akafanya kazi katika benki ya mji wake, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89.

Kwa nini wanajitikisa? Wengi wao husikia sauti na kuona mwanga kwa nguvu kuliko sisi. Fikirieni Jumapili yetu: bafle kubwa, jenereta nje, kwaya tatu, na joto la ziwa. Mwendo ule unaorudiwa humtuliza, humsaidia kufuata neno. Mara nyingine ni furaha tu. Wapo watu wazima wanaojizuia kwa sababu ya haya, nao hurudi nyumbani wamechoka kabisa. Kwa hiyo msimshike mikono ili aache, isipokuwa anajiumiza, kama kugonga kichwa ukutani.

Kuna alama nyingine: kuchukua maneno jinsi yalivyo, kusumbuka programu ikibadilishwa ghafula, kutotazama mtu machoni. Hii ya mwisho tuwe waangalifu, maana kwetu kijana huinamisha macho mbele ya mzee kwa heshima. Hata kujitikisa peke yake hakutoshi. Vita vimeacha hofu nyingi miilini mwa watu. Kupambanua ni kazi ya wataalamu. Bukavu kuna Sosame, na ng'ambo ya mpaka, Bujumbura, kuna kituo cha Kamenge. Vyote viwili huhudumia afya ya akili. Dawa ya kuondoa usonji haipo.

Katika Yohana 9 wanafunzi walitaka kujua nani alitenda dhambi, kipofu au wazazi wake. Yesu alikataa yote mawili.

Yule kijana nilirudi kwake baadaye, nikamuuliza. Alisema bafle ndiyo inamuumiza. Tulimpa kiti karibu na mlango, naye bado anajitikisa.