Uzi wa Fyuzi

Mtu asiyepata kukaa Songea mwezi wa Juni na Julai hudhani kwamba baridi ni jambo la Njombe na Makete tu. Sisi tunaokaa huku tunajua upepo unaoshuka kutoka milima ya Matogoro alfajiri, na tunajua mzee wa miaka sabini na kitu anavyokaa na blanketi begani hadi saa nne asubuhi. Mwaka juzi binti yangu aliniletea kutoka Dar es Salaam hita ya umeme, yenye nyaya mbili zinazowaka nyekundu. Nilimshukuru, nikaiweka chumbani, na kwa siku tatu sikuiwasha. Alipouliza sababu nilimjibu kwamba bado sijasikia baridi. Haikuwa kweli. Sababu yenyewe ndiyo ninayotaka kuieleza hapa, nayo inaanzia mbali kidogo.

Umeme uliingia nchini mwetu mwaka 1908, Wajerumani walipoufunga Dar es Salaam kwa ajili ya karakana za reli na sehemu walizokaa Wazungu. Kwa muda mrefu umeme na taa vilikuwa kitu kimoja katika fikra za watu. Hata leo bibi wa kijijini husema "taa zimekatika" akiwa na maana ya umeme. Na taa hula kidogo. Balbu ya wati 60, zile za zamani, huvuta robo tu ya ampia. Nyumba nzima yenye balbu nane haifiki ampia mbili na nusu, na waya mwembamba tu unatosha kuilisha.

Hita ni mnyama mwingine. Ilianza kuwa kitu cha kawaida baada ya Mmarekani Albert Marsh kupata hataza, mwaka 1906, ya mchanganyiko wa nikeli na kromi, ambao waya wake unaweza kuwaka mwekundu kwa miaka bila kuungua wala kukatika. Waya wa namna hiyo ndio ulio ndani ya hita, ndani ya pasi, ndani ya jiko la umeme. Hita yangu ina nyaya mbili, kila mmoja wati 1,000. Gawa wati 2,000 kwa volti 230 upate ampia 8.7. Yaani hita moja ni sawa na balbu 33 za wati 60. Nikiwauliza wanafunzi wangu hesabu hiyo walikuwa wanaipata bila shida. Kuipata ubaoni na kuikumbuka nyumbani ni mambo mawili, kama nitakavyokiri.

Waingereza, ambao baridi yao si ya kuchezewa, walilitambua jambo hili mapema. Zamani soketi zao, na zetu tulizorithi kwao, zilikuwa za matundu ya mviringo na za ukubwa tofauti: ya ampia 2 kwa taa ya mezani, ya ampia 5, na ile kubwa ya ampia 15 kwa hita. Plagi kubwa haikuingia tundu dogo. Ilikuwa adha, lakini tundu lenyewe lilikuwa mwalimu. (Watu walimkwepa mwalimu huyo kwa kuchomeka pasi kwenye tundu la balbu. Nimeyaona hayo kwa macho yangu, na aliyefanya hivyo alikuwa mwenye cheo.) Wakati wa Vita Kuu ya Pili kamati yao moja iliketi kufikiria nyumba zitakazojengwa baada ya vita, huku shaba ikiwa adimu, na ripoti yao ikatoka mwaka 1944. Hapo ndipo ilipotokea plagi ya pini tatu za mraba, ya ampia 13, ambayo kiwango chake kilitangazwa mwaka 1947 na ambayo mpaka leo imo katika kuta zetu. Ampia 13 ni karibu wati 3,000, nazo ziliwekwa hivyo kwa sababu ya hita. Lakini waya wa mzunguko ulioshika soketi zote za nyumba uliwekewa ampia 30 tu kwa jumla. Hoja yao ilikuwa kwamba familia moja haitawasha hita katika kila chumba kwa wakati mmoja. Wataihamisha pamoja nao, kutoka sebuleni kwenda chumbani.

Hoja hiyo ni ya busara kwa nyumba ya familia moja. Shule ya bweni si nyumba ya familia moja.

Shule niliyokuwa mkuu wake sitaitaja jina, kwani wengi waliopita pale wapo hai. Majengo yake yalikuwa ya tangu ukoloni, na waya wake ulikuwa na ngozi ya mpira, wa kabla ya haya maplastiki ya sasa. Umeme wa mji wakati huo ulitoka kwenye majenereta ya dizeli. Bweni kubwa lilikuwa na fyuzi yake moja ya ampia 15 katika stoo. Nyumba mbili za walimu, yangu na ya makamu wangu, zilijengwa baadaye, na aliyezifungia umeme, badala ya kuvuta waya mpya kutoka swichi kuu, aliunganisha kwenye laini hiyohiyo, ikipita juu ya dari ya bweni. Nililijua hilo? Nilikuwa nimeambiwa siku nilipokabidhiwa ofisi, na nikalisahau.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, mwezi wa Julai, wiki mbili kabla ya mitihani ya majaribio ya kidato cha nne. Kila jioni kati ya saa moja na saa mbili bweni na chumba cha kujisomea vilikuwa vinazimika. Mlinzi anakwenda stoo na tochi, anafunga uzi mpya wa fyuzi, taa zinawaka nusu saa, zinazimika tena. Jioni ya tatu nilikasirika. Nikafanya msako bwenini mimi mwenyewe, na chini ya godoro la mvulana mmoja nikakuta hita ndogo ya kuchemshia maji, ile ya kutumbukiza kwenye ndoo. Sikuuliza swali la pili. Asubuhi nilimsimamisha mbele ya shule nzima, nikasema huyu ndiye anayewanyima wenzake mwanga, nikampa barua ya kwenda nyumbani wiki mbili. Kwao kulikuwa mbali, ng'ambo ya Mbinga. Mitihani ya majaribio hakuifanya.

Jioni ile taa zikazimika tena.

Hapo ndipo nilipotenda kosa la pili, ambalo kwa kipimo cha madhara lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Nilimwambia mlinzi atafute waya mnene kidogo. Akachuna kipande cha waya wa nyumba, akatoa mshipa mmoja wa shaba, akaufunga mahali pa fyuzi. Uzi halali wa ampia 15 una unene wa nusu milimita. Ule ulikuwa karibu milimita moja na nusu. Taa hazikuzimika tena. Wavulana walishangilia, nami nikarudi nyumbani nikaota moto wa hita yangu, kwani nilikuwa nayo, niliyoinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa akirejea kwao Ulaya.

Siku nne baadaye mwalimu wa zamu alikuja kusema bwenini kuna harufu ya mpira. Nikamwita fundi mmoja mzee aliyejifunzia kazi Peramiho. Alianzia stoo. Akachomoa fyuzi, akaitazama, akanipa mkononi. "Mwalimu," alisema, "hii si fyuzi. Huu ni msumari." Kisha akapanda darini. Aliposhuka hakusema neno, aliniomba nipande mimi. Katika kiungio cha waya juu ya vitanda vya katikati, mpira ulikuwa umekauka na kupukutika kama ganda la mti, na mbao iliyoushika ilikuwa nyeusi kama mkaa, upana wa kiganja. Chini yake walilala vijana themanini.

Tuliketi na daftari. Akaniuliza kimoja kimoja kinachowaka saa moja jioni. Balbu za bwenini na za kujisomea, 24 za wati 60: wati 1,440. Hita yangu: 2,000. Jiko la umeme la sahani moja la mke wangu: 1,500. Birika la umeme la makamu: 2,000. Jumla wati 6,940, ambazo ni ampia 30. Uzi wa ampia 15 haukatiki papo hapo ukifika 16. Huvumilia, na huyeyuka ukikaribia mara mbili. Kwa hiyo ulikuwa unayeyuka mahali pake kabisa, kila jioni, kama ulivyoumbwa ufanye. Hita ya yule mvulana iliongeza ampia nne na kitu. Na hata bila yeye hesabu ilikuwa imekwisha kujaa, na zaidi ya nusu yake ilikuwa ya nyumba yangu.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui, na mimi niliyekuwa nikifundisha fizikia nililijua. James Joule alilionyesha huko Uingereza tangu miaka ya 1840: joto katika waya haliongezeki sawasawa na mkondo, huongezeka kwa mraba wake. Ukizidisha ampia mara mbili, joto ndani ya ukuta linakuwa mara nne. Hita hupata moto mahali tunapoona. Waya hupata moto mahali tusipoona, na fyuzi ndiyo peke yake inayojua. Nasi tulikuwa tumeiziba mdomo.

Mwezi ule tulivuta waya mpya kwa nyumba zetu, na fundi akaweka breka zinazokatika zenyewe, aina iliyobuniwa Ujerumani na Hugo Stotz mwaka 1924, ambayo ikikatika inapandishwa kwa kidole na haina uzi wa kubadili. Mvulana alirudi wiki yake ilipotimia. Nilimrudishia hita yake siku ya kufunga shule. Nilimwambia asiitumie tena bwenini. Nilichopaswa kumwambia, na kukisema mbele ya shule nzima mahali palepale nilipomsimamisha, sikukisema. Nilijiambia kwamba heshima ya ofisi ingeanguka. Alifaulu mtihani wa taifa, ila si kwa daraja nililolitegemea kwake, na sina njia ya kujua zile wiki mbili zilimgharimu nini.

Miaka mingi imepita. Mwaka 2015 masista Wabenediktini wa Chipole walianza kuzalisha umeme Tulila, kwenye mto Ruvuma, na mwaka 2018 Songea iliunganishwa na gridi ya taifa kwa njia ya msongo mkubwa kutoka Makambako. Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kuzalisha mwaka 2024, lina uwezo wa megawati 2,115. Jirani yangu husema sasa umeme upo wa kumwaga. Kwenye gridi, labda. Ndani ya ukuta wangu umo uleule unaopita katika waya wa milimita mbili na nusu za mraba, na mtambo wa Rufiji hauwezi kuunenepesha. Mpwa wangu aishiye Marekani amenieleza kwamba kule wapo watu wanaoishi katika magari-nyumba, na kambini hupewa laini ya ampia 30 kwa volti 120, yaani wati 3,600 kwa kila kitu. Hita zao ni za wati 1,500. Wakiwasha mbili na kuchemsha chai, giza. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka.

Siku ya nne nilimwita fundi, kijana wa mtaani, akanionyesha soketi ya chumbani ipo kwenye breka ya ampia 20 pamoja na soketi za sebuleni na jikoni. Nimeandika kwa kalamu ya wino kwenye karatasi na kuibandika kando ya breka: hita 8.7, birika 8.7, pasi 4.3. Vyote vitatu kwa pamoja ni zaidi ya 21. Binti yangu aliiona akadhani ni namba za simu. Nawasha waya mmoja tu wa hita, na sichomeki kwenye ekstensheni. Mke wangu akitaka kupiga pasi huniita kutoka chumbani, "Baba, zima hiyo," nami nazima. Baada ya nusu saa naishika plagi kwa kiganja. Ikiwa vuguvugu naiacha. Ikiwa ya moto nachomoa, narudi kwenye blanketi.