Mawe ya Kariandusi

Msomaji, ukisafiri kutoka Nairobi kwenda Nakuru, utaupita mji wa Gilgil, na baada ya muda mfupi utaliona Ziwa Elmenteita likimetameta upande wako wa kushoto. Wasafiri wengi hugeuza macho yao huko ziwani wapate kuwatazama heroe, na kwa sababu hiyo hawapaangalii mahali padogo palipo upande wa pili wa barabara, ambapo ardhi ni nyeupe kama unga wa mahindi. Mahali hapo ndipo Kariandusi. Usitazamie kuona mnara wala magofu ya ngome. Yapo mashimo yaliyochimbwa na kuezekwa, nyumba ndogo ya makumbusho, na mawe.

Mawe yenyewe ukiyatazama mara ya kwanza hutaona ajabu yoyote. Lakini inama, ulitazame moja kwa makini. Lina urefu wa kiganja cha mtu au zaidi. Upande mmoja limechongoka, upande mwingine ni nene na linakaa vizuri mkononi. Pande zake zote mbili zimebanduliwa vigae kwa kupigwa na jiwe jingine, pigo baada ya pigo, hata ukingo ukawa mkali. Wataalamu huliita shoka la mkono, ingawa halikuwa na mpini, na kazi zake zilikuwa nyingi kuliko za shoka: kuchuna ngozi, kukata nyama, kuchonga mti, labda na kuchimbua mizizi. Mengine yana ukingo mpana ulionyooka. Mengine ni ya mviringo kama mpira. Baadhi yamechongwa katika lava ya kijivu, na baadhi katika lile jiwe jeusi linalong'aa kama chupa iliyovunjika, ambalo huzaliwa na volkano na hupatikana katika milima ya nchi hii, kama vile Eburru. Ukingo wa jiwe hilo jeusi hukata kama wembe. Nimewahi kujikata nalo, kwa hiyo nasema nijualo.

Mawe hayo yaligunduliwa mwaka 1928. Msafara uliyoyagundua uliongozwa na kijana wa miaka 25, Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete, aliyekua akisema Kikikuyu kama watoto wenzake wa huko. Msafara huo ulikuwa ukifanya kazi katika nchi ya Elmenteita, ukichimba mapangoni na kukagua kingo za mito, na huko Kariandusi maji yalikuwa yamekata ardhi na kuyafunua mawe yakiwa bado yamelala katika tabaka zake. Katika miaka iliyofuata palichimbwa kwa utaratibu. Leakey aliona mawe mengi mno mahali pamoja, akadhani kwamba hapo palikuwa kama karakana, mahali ambapo watu wa kale walikaa kando ya ziwa wakichonga vyombo vyao. Wengine waliokuja baada yake waliona dalili za maji yaendayo kasi, wakasema kwamba huenda kijito kilisaidia kuyakusanya. Jambo hilo si dogo, kwa maana kama ni kijito kilichoyaleta, basi hatuwezi kusema, "Hapa aliketi fundi, na pale alikaa mwenzake."

Sasa, neno la kwanza ambalo kila mwanafunzi huuliza afikapo pale ni hili: mawe haya yana umri gani? Na la pili, ambalo wachache huuliza, ndilo bora zaidi: umejuaje?

Leakey na wenzake walikuwa na njia yao ya kukisia. Juu ya miteremko ya Bonde la Ufa waliona fukwe za kale, mbali sana juu ya maji ya leo, wakatambua kwamba hapo zamani Nakuru na Elmenteita zilifunikwa na maziwa makubwa yenye kina kirefu. Hata ile ardhi nyeupe ya Kariandusi ni ushahidi wa maji hayo. Ni mabaki ya mimea midogo sana ya majini, isiyoonekana bila hadubini, ambayo kila mmoja una gamba gumu mfano wa kioo. Ilipokufa ilizama, na magamba yake yakarundikana chini ya ziwa hata yakawa tabaka nene ajabu. Wenye viwanda huyachimba na kuyatumia kuchujia vinywaji na vitu vingine. Basi, Leakey na wenzake wakasema: penye ziwa kubwa hapana budi palikuwa na mvua nyingi, na vipindi vya mvua nyingi katika Afrika vililingana na vipindi vya barafu katika Ulaya. Wakavipa vipindi hivyo majina ya mahali petu: Kagera, Kamasia, Kanjera, na pango la Gamble lililo huko huko Elmenteita. Mwaka 1947 wataalamu wa mambo ya kale wa Afrika nzima walifanya mkutano wao wa kwanza, mjini Nairobi, na mpango huo ukakubaliwa utumike.

Ulikuwa mpango mzuri kusoma, na ulikuwa na kosa. Katika Bonde la Ufa ardhi yenyewe haitulii. Hupasuka, hudidimia, huinuka. Lava humwagika ikaziba njia ya mto. Ziwa laweza kujaa bila mvua kuongezeka, na laweza kukauka mvua ikinyesha kama desturi. Hata kabla miaka ya 1950 haijamalizika, wachunguzi wa miamba walikuwa wamekwisha kuutilia shaka mpango wote, na baadaye ukaachwa. Nakuomba, msomaji, usiwacheke waliouamini. Walipima kwa kipimo walichokuwa nacho.

Kipimo kipya kilitoka katika majivu. Volkano inapolipuka hutupa majivu yenye chembe za fuwele, na baadhi ya fuwele hizo zina madini yaitwayo potasiamu. Sehemu ndogo sana ya potasiamu hiyo hugeuka polepole kuwa hewa iitwayo argoni. Wakati mwamba ungali uji wa moto, argoni hutoroka; ukisha kupoa na kuganda, argoni inayozaliwa hufungiwa ndani ya fuwele. Ni kama mtungi mtupu uliowekwa chini ya bomba linalodondosha: ukijua kasi ya matone, na ukipima maji yaliyomo, utajua mtungi umewekwa tangu lini. Matone hayo ni ya polepole mno, kwani nusu ya potasiamu ya namna hiyo huchukua miaka milioni 1,250 kwisha.

Nguvu ya kipimo hiki ilionekana kwanza Olduvai, katika nchi ya Tanzania. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey, mkewe Louis, aligundua huko fuvu la kiumbe wa kale wa jamii ya wanadamu. Louis alikisia kwamba umri wake ni miaka 600,000 hivi, na watu wakaona ni mingi. Mwaka 1961 majivu ya tabaka lile yalipimwa na Jack Evernden na Garniss Curtis wa California, na jibu likawa miaka 1,750,000. Karibu mara tatu! Majivu ya Kariandusi nayo yalipimwa, na vipimo vya baadaye, vilivyo bora zaidi, vimeyaweka mawe yetu karibu na miaka milioni moja.

Milioni moja ni neno jepesi kutamka. Jaribu hivi: piga hatua moja ya mita moja, na kila hatua iwe miaka 1,000. Vasco da Gama aliyefika Mombasa mwaka 1498 yuko umbali wa nusu hatua tu. Ili umfikie mchongaji wa Kariandusi itakupasa kutembea kilometa nzima.

Mchongaji huyo ni nani? Kariandusi imetupa kazi ya mikono yake, wala haikutupa fuvu lake. Tumemtafuta kwingine. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu, mtafutaji hodari kupita wote waliopata kutoka Kenya, aliona kipande kidogo cha fuvu huko Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana. Wakachimba, wakapata karibu mifupa yote ya kijana aliyekufa kama miaka milioni moja na nusu iliyopita, mwenye miguu mirefu kama yetu na ubongo mdogo kuliko wetu. Mwaka 2003 vipande vya fuvu vilipatikana Olorgesailie, kusini ya Nairobi, vya wakati mmoja na mawe ya Kariandusi. Yaelekea mchongaji wetu alikuwa wa jamii ya namna hiyo. Akili yake ilikuwaje? Hapo mawe yanasema kidogo. John Gowlett, aliyerudi kuchimba Kariandusi katika miaka ya 1970, aliyapima mashoka moja moja, ya lava na ya kioo cheusi, akaona kwamba umbo hubadilika kwa utaratibu kadiri ukubwa unavyobadilika. Fundi wa kale hakufuata umbo moja kwa upofu. Alijua kwamba chombo kirefu kikiongezwa na unene vile vile kitamlemea mkononi.

Wala Kariandusi si mwanzo wa ufundi huo. Mashoka ya mkono yaliyotangazwa mwaka 2011 kutoka Kokiselei, karibu na Ziwa Turkana, yana miaka milioni 1.76, na mwaka 2015 mawe yaliyobanduliwa, mazito na ya kishenzi zaidi, yalitangazwa kutoka Lomekwi, ya miaka milioni 3.3. Miaka michache ijayo huenda nikalazimika kuyafuta maneno haya ubaoni.

Lakini nirudi kwenye kipimo, kwa sababu wengi hukosea hapa. Shoka la lava lenyewe ukilipima argoni, utapata siku mwamba ulipopoa, si siku mtu alipouchonga. Anayejua umri wa shoka ni majivu yaliyo juu yake na yaliyo chini yake. La juu husema, "Jiwe hili ni la kale kuliko mimi." La chini husema, "Mimi nilitangulia." Ondoa jiwe katika tabaka lake, na mashahidi wote wawili wamenyamaza.

Katika shule ya kwanza niliyofundisha palikuwa na shoka la mkono zuri kuliko nyingi nilizoziona makumbushoni. Lilitumiwa kuzuia mlango wa stoo usipigwe na upepo. Niliuliza limetoka wapi. Mmoja alisema Njoro, mwingine alisema lililetwa na mwalimu aliyekwisha kufariki, mpishi alisema alilikuta. Huenda lina miaka milioni moja, huenda lina laki tatu. Hakuna mtu duniani awezaye kulipima sasa.

Kwa hiyo ninapowapeleka walimu wanafunzi wa chuo chetu Kariandusi, huwaonya kabla hatujashuka garini, na huwakumbusha kwamba sheria ya mwaka 2006 inakataza kuchukua vitu vya kale. Safari moja tulikuwa tumekwisha kurudi garini, na dereva amewasha moto, aliponijia msichana mmoja, mwenye bidii kuliko wote darasani, machozi yakimlengalenga. Alifungua kiganja. Ndani yake kulikuwa na kigae cha kioo cheusi, hakizidi ukubwa wa kidole gumba. Alitaka kuwaonyesha watoto atakaowafundisha.

Tulirudi pamoja kwa mzee aliyetutembeza. Msichana akamwamkia tena na kumwomba radhi. Mzee hakumkemea. Alikipokea kigae, akakigeuza juani, akasema, "Ahsante, binti yangu. Nionyeshe ulipokiokota."

Msichana akaenda mpaka ukingo wa njia, akasimama. Akatazama chini, akasogea hatua mbili kushoto, akarudi, akasogea tena upande wa juu. Ardhi ilikuwa nyeupe kote, na vigae vyeusi vilikuwa vingi.

"Nadhani ni hapa," akasema.

"Wadhani?" mzee akauliza kwa upole. Akangoja kidogo, kisha akakitia kigae katika mfuko wa koti lake, akatusindikiza mpaka garini.