Wakimbizi 160,000 na Kurasa za Mbele za Ulaya

Tarehe 2 Septemba 2015 mawimbi yalimtupa ufukweni, karibu na Bodrum nchini Uturuki, mtoto wa Kisiria aitwaye Alan Kurdi. Mpigapicha Nilüfer Demir alimkuta kalala kifudifudi mchangani, fulana nyekundu mwilini. Kesho yake picha ile ilitanda kwenye magazeti ya Ulaya.

Chini ya miezi mitano kabla ya hapo, gazeti la The Sun la Uingereza lilichapisha safu iliyowafananisha wahamiaji na mende. Zeid Ra'ad Al Hussein, aliyekuwa Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa wakati huo, alilionya kwamba lugha hiyo inafanana sana na ile iliyotumiwa na vyombo vya habari vya Rwanda kuelekea mauaji ya 1994. Watu wa Maziwa Makuu hatuhitaji kuelezwa neno hilo lilitufikisha wapi. Baada ya kifo cha Alan, gazeti hilohilo likawa linachangisha fedha za kusaidia watoto.

Siasa nazo zilipewa sura za watu. Angela Merkel, Kansela wa Ujerumani wa wakati huo, akawa ndiye huruma; Viktor Orbán, Waziri Mkuu wa Hungary wa wakati huo, na uzio wake wa mpakani akawa ndiye ukatili. Umoja wa Ulaya uliitwa "Brussels", kana kwamba ni mzee mmoja aliyeshindwa na nyumba yake. Msomaji alipotezwa hapo. Kanuni ya Dublin, iliyoitwika nchi ya kwanza aliyoingilia mkimbizi mzigo wa kushughulikia ombi lake, ndiyo iliyozielemea Ugiriki na Italia, na waliokubaliana juu yake ni serikali zilezile zilizokuwa zikiilaumu Brussels.

Tarehe 22 Septemba 2015 mawaziri wa Umoja wa Ulaya walipiga kura kugawana wakimbizi 120,000. Hungary, Czech, Slovakia na Romania zilikataa. Ukijumlisha 40,000 wa makubaliano ya awali, ahadi ilifika watu 160,000 ndani ya miaka 2. Kura ile iligonga vichwa vya habari. Utekelezaji wake ulihitaji mwandishi wa kuuliza kila mwezi, "Wamefika wangapi?", na swali hilo halikuuza magazeti.

Waliohamishwa hawakufika 35,000. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilizitia hatiani, kwa kutotimiza wajibu wa kugawana wakimbizi hao, Hungary, Czech, na Poland iliyokuwa imepiga kura ya ndiyo. Hukumu ilitolewa 2 Aprili 2020, wakati kurasa za mbele zikiwa zimejaa korona.